Mama ana AML na kemo ya kwanza imegoma. Kwa nini sasa dawa mbili kwa pamoja?

BintiPangani

Hamjambo humu. Naomba msaada kwa waliowahi kuuguza mgonjwa wa saratani ya damu, au wanaofanya kazi kwenye wodi hizo.

Mama yangu ana miaka 71. Ni mtu wa Pangani, msusi wa mikeka, na kabla ya haya hajawahi kulazwa. Sisi wote katuzalia nyumbani. Mwaka jana alianza kuchoka ovyo, fizi zikawa zinatoka damu akipiga mswaki, miguuni vikatokea vidoa vyekundu visivyowasha. Zahanati walimtibu malaria, wakarudia tena malaria. Tulipomfikisha Dar ndipo akatobolewa mfupa wa nyonga, uboho ukapimwa, tukaambiwa ni AML, aina mojawapo ya lukemia, yaani saratani ya damu.

Kwa ajili ya umri na moyo wake uliochoka, madaktari hawakumpa ile kemo kali ya kulazwa wiki nyingi. Walimpa sitarabini ya kiwango kidogo, sindano za chini ya ngozi. Ilimsaidia. Alirudi kwenye ukili wake, akawa anagombana na wajukuu tena. Lakini uboho wa mwezi huu umeonyesha seli changa za saratani zimejaa upya, na daktari katuambia wazi kwamba ugonjwa umekuwa sugu kwa dawa ile. Anapendekeza sindano za azasitidini, siku 7 kila baada ya wiki nne, pamoja na vidonge vya venetoklaksi.

Hapo ndipo familia imegawanyika. Kaka yangu mkubwa anasema, "Moja imemshinda, mbili si zitamzika?" Sitaki kubishana naye kwa machozi, nataka kuelewa. Kama seli zimeshaizoea kemo, dawa ya pili inaleta nini ambacho ya kwanza haikuwa nacho? Au ni kuongeza ukali tu?

Jambo jingine, mama ana utando mweupe mdomoni na duka la dawa wamenipa flukonazoli, dawa ya fangasi. Bado sijampa. Halafu anapenda mno maji ya danzi, na shangazi anamchemshia muarobaini. Vina neno?

MamaFamasi

Binti yangu, pole sana kwa kuuguza. Mimi ni mfamasia, sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwenye chumba cha kuchanganyia dawa za saratani. Umefanya vyema kusubiri na flukonazoli. Usimpe mpaka daktari wake wa damu ajue. Nitarudi hapo.

Kaka yako ameuliza swali la haki. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba kati ya watoto 16 wenye lukemia aliowapa dawa moja, aminopterini, 10 walipata nafuu. Nafuu ile haikudumu, ugonjwa ulirudi. Sababu yake ni hii: mtu mzima mwenye lukemia anaweza kuwa na seli za ugonjwa zinazokaribia trilioni moja, na katika umati huo zimo chache ambazo tangu kabla ya sindano ya kwanza zina kasoro inayozikinga. Dawa inaua zile nyingine, hizi zinabaki na kuzaana. Kwa sehemu kubwa, seli unazoambiwa leo zimejaa kwenye uboho wa mama ni uzao wa zilizosalia.

Chukua kalamu. Tuseme dawa ya kwanza inaacha seli moja hai katika kila milioni. Kwenye trilioni zitabaki milioni moja, zinatosha kabisa kuurudisha ugonjwa. Ukiongeza dawa ya pili inayoua kwa njia tofauti, nayo ikaacha moja katika milioni, inabaki seli moja. Mwilini mambo hayaendi sawasawa hivyo, lakini ndiyo maana TB hatuitibu kwa rifampisini peke yake, na malaria tunameza ALu, mseto wa dawa mbili. Emil Frei na Emil Freireich, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani kule Bethesda, walitazama tiba ya TB, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaanza kuwapa watoto wenye lukemia dawa nne kwa pamoja: vinkristini, metotreksati, merkaptopurini na prednisoni. Wapo madaktari wenzao waliowaona wakatili. Msingi wa tiba inayoponya watoto wengi wa lukemia hadi leo uliwekwa hapo.

Kwa hiyo mwambie kaka kwamba kinachotafutwa ni njia ya pili ya kuua. Kuongeza ukali peke yake tumeshakujaribu, na kumetuumiza. Mwaka 1976 Juliano na Ling, watafiti wa Kanada, walieleza protini iliyo kwenye utando wa seli sugu, ambayo baadaye ilijulikana kuwa ni pampu inayoitapisha seli dawa. Watu wakafurahi: tuizibe pampu, kemo ibaki ndani. Ikatengenezwa valspodari. Lakini pampu hiyo hiyo inafanya kazi kwenye ini na utumbo, inausaidia mwili kutoa dawa, na ukiiziba kemo inabaki mwilini muda mrefu zaidi. Katika utafiti mmoja wa wazee wenye AML huko Marekani, kundi lililoongezewa valspodari lilifungwa mapema kwa sababu ya vifo vya mwanzoni vilivyozidi. Sisemi haya kukutisha. Nataka ujue kwamba hofu ya kaka yako ina historia, na kwamba mchanganyiko anaopewa mama umejengwa kwa mantiki nyingine.

Kila seli imewekewa mpango wa kujiua inapoharibika. Kemo kama sitarabini inaharibu DNA, kisha inategemea seli ijue imeharibika na ijimalize. Seli nyingi za AML zimejaza protini iitwayo BCL-2, ambayo kazi yake ni kuikamata ile amri ya kujiua isifike. Mwaka 1988 David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams wa Melbourne walionyesha kwamba protini hii haiifanyi seli izaane haraka, inaifanya isife. Venetoklaksi inakaa mahali pale pale BCL-2 inapokamatia amri, na amri inaachiwa. Peke yake haitoshi kwa AML, maana seli ina mlinzi wa akiba aitwaye MCL-1. Azasitidini, pamoja na kazi zake nyingine, huamsha protini inayomdhoofisha huyo wa akiba. Unaona zinavyopokezana? Nikiwafundisha vijana wa mazoezi kazini, hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, kwa sababu akishalielewa hili hataiona venetoklaksi kuwa "kidonge cha kuongezea".

Takwimu nitakupa na mipaka yake. Utafiti wa VIALE-A, uliochapishwa mwaka 2020, uliwachukua wagonjwa 431 wasioweza kemo kali, umri wao wa kati miaka 76. Waliopata azasitidini pekee, 28.3% ugonjwa ulitoweka kwenye uboho. Waliopata zote mbili, 66.4%. Muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliupita, ulikuwa miezi 9.6 kwa dawa moja na 14.7 kwa mbili. Ila wale walikuwa wapya, hawajawahi kutibiwa AML. Mama yako amepitia sitarabini na ugonjwa umerudi, na kwa wagonjwa wa namna hiyo matokeo huwa chini ya hapo. Kumbuka pia kwamba hata waliofanikiwa, kwa wengi ugonjwa ulirudi baadaye. Muulizeni daktari bila aibu kama vinasaba vya seli vimepimwa: wenye badiliko la NPM1 au IDH2 huitikia vizuri, wenye TP53 iliyoharibika huitikia vibaya zaidi. Badiliko la FLT3 nalo lina dawa yake ya vidonge kwa ugonjwa uliorudi, gilteritinibu.

Sasa danzi. Acheni kabisa, na balungi vilevile, siku zote za venetoklaksi. Matunda haya yanazuia kimeng'enya cha CYP3A kinachoivunja dawa hii, nayo inajilimbikiza kwenye damu. Flukonazoli inafanya hivyo hivyo, na zaidi. Akipewa, kiwango cha venetoklaksi hupunguzwa angalau kwa nusu. Akipewa posakonazoli, dawa nyingine ya fangasi, kinashushwa hadi miligramu 70 badala ya 400. Antibiotiki za klarithromaisini na siprofloksasini nazo zimo kwenye orodha. Zinazoharibu kwa upande wa pili ni rifampisini ya TB, fenitoini na kabamazepini za kifafa, na efavirenzi ya ARV: hizi zinaiondoa dawa haraka mpaka inakuwa kama hakumeza. Kwetu, palipo na TB na ARV, hili si jambo la pembeni. Kwa utando wa mdomoni ulizia nistatini ya matone, hiyo hubaki mdomoni.

Na homa. Kwenye utafiti ule homa wakati chembe nyeupe zimeshuka iliwapata 42% ya waliotumia dawa mbili, 19% kwa dawa moja. Nunua kipimajoto leo. Ikifika 38 usimpe panadoli umlaze, mpeleke hospitali usiku huohuo.

Mwana_Likoni

Dada, pole na uguzi. Niko Mombasa. Babangu alitumia hizo mbili, akiwa na miaka 74, kwa hivyo nakueleza mambo ya nyumbani ambayo sisi tulijifunzia njiani.

Wiki ya kwanza alilazwa, wakampandisha vidonge kidogo kidogo: miligramu 100, kesho yake 200, kisha 400. Walitueleza kuwa seli nyingi zikifa kwa pamoja, yaliyomo humwagika kwenye damu na kuweza kuua figo. Kwa hiyo maji, dada. Mzee alikuwa haoni raha kunywa maji, tukawa twamwekea chupa mbili kubwa mezani na mjukuu ndiye askari wake. Alipewa pia alopurinoli ya kulinda figo, na damu ilipimwa mara kwa mara. Vidonge alimeza baada ya chakula, saa ile ile kila siku. Sisi tulishika baada ya sala ya adhuhuri, kwa sababu asubuhi alikuwa hali kitu cha maana.

Jambo lililotutesa hasa ni damu. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zilishuka mno mwezi wa kwanza, na hospitali ilitaka ndugu wajitolee. Andikeni orodha ya watu na makundi yao mapema, wa mtaani, wa msikitini, wa kanisani, msingoje usiku wa manane kupigiana simu. Na mpange pesa ya vidonge ya mizunguko kadhaa kabla ya kuanza, ulizeni bima inalipia nini na hailipii nini. Sisi tulikatikiwa na dawa katikati ya mzunguko na tukapata mtu wa mtandaoni aliyekuwa akiuza kwa bei ya chini. Daktari alitukataza, akasema kidonge kisicho na karatasi za mwagizaji huwezi kujua ndani muna nini. Tulichangishana ukoo mzima tukanunua panapojulikana.

Mzee alipata nafuu ya kweli. Alirudi msikitini kwa miguu yake, akamwoza dada yangu mdogo. Ugonjwa ulirudi baadaye, akatutoka. Nakwambia hili kwa sababu nisingependa mtu akufiche. Ule muda alioupata tulikuwa naye, na mimi ningechagua vile vile.

TibaAsiliTanga

Dada achana na hizo sumu. Kemo ni biashara. Muarobaini na mlonge vimesaidia wengi huku kwetu, vitu vya Mungu havina madhara. Mpe kikombe asubuhi na jioni, utakuja kunishukuru.

MamaFamasi

Ndugu yangu, naamini unasema kwa nia njema, na mimi siidharau miti. Vinkristini niliyoitaja juu inatoka kwenye ua la asili ya Madagaska, lile la rangi ya waridi au jeupe watu wengi wamelipanda uani. Kule Jamaika walichemsha majani yake kutibu kisukari. Watafiti wa Kanada walipoyapima kwa panya katika miaka ya 1950, sukari haikushuka, zilishuka chembe nyeupe za damu. Wakafuata hilo, wakapata dawa. Mwaka 1963 vinkristini ikaidhinishwa Marekani. Kipimo chake ni kidogo mno, miligramu 2 ndiyo kawaida tunakomea kwa mtu mzima, na ikiingizwa kimakosa kwenye maji ya uti wa mgongo inaua. Kitu cha Mungu, ndiyo, lakini kinapimwa kwa miligramu.

Nikupe mfano mwingine, maana unamhusu kaka wa BintiPangani pia. Ipo aina ya AML iitwayo APL. Huko Shanghai, miaka ya 1980, Wang Zhenyi na wenzake waliitibu kwa ATRA, kidonge cha jamii ya vitamini A, ambacho huzikomaza seli changa badala ya kuziua. Wagonjwa walisimama, lakini kwa dawa hiyo pekee ugonjwa ulirudi baada ya miezi. Mji wa Harbin nako, huko huko China, Zhang Tingdong alianzia kwenye dawa ya kienyeji iliyokuwa na aseniki, akaichambua mpaka akajua ni aseniki ndiyo inayofanya kazi. Zilipounganishwa hizo mbili, ATRA na aseniki, bila kemo ya kawaida, utafiti wa Francesco Lo-Coco na wenzake uliotoka mwaka 2013 ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili 97% ya wagonjwa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala tiba kushindwa, dhidi ya 86% ya waliopata ATRA na kemo. Zinaishika protini ile ile moja yenye kasoro, kila moja kwa upande wake, na kuivunja. Hapo mchanganyiko umepunguza sumu mwilini mwa mgonjwa. Kila nikilisoma hili nafurahi upya.

Jani la muarobaini kwa mama huyu ni habari nyingine. Chembe sahani zake ziko chini, ini lake litakuwa na kazi ya kuvunja venetoklaksi, na kinywaji cha sufuriani hakina kipimo: leo majani kumi, kesho konzi nzima. Binti, mwambie shangazi kwa adabu asitishe muda wote wa tiba. Mpe kazi nyingine anayoiweza. Mgonjwa anahitaji mtu wa kumpikia chakula kilichoiva vizuri na kulindwa na inzi, matunda ya kumenya, maji yaliyochemshwa. Hiyo ni kazi kubwa kuliko kuchemsha majani.

BintiPangani

Nawashukuru nyote. Mwana_Likoni, Mungu amrehemu mzee. Nimemsomea kaka kila kitu kwenye simu, aliposikia habari ya valspodari akasema "kumbe hata wao waliogopa hivyo hivyo", na amekubali tuje wote kumwona daktari Jumatatu. Vinasaba bado havijapimwa, tutaulizia.

Mama Famasi, mawili ya mwisho. Tutajuaje kama zinafanya kazi, maana mama kasema hataki kutobolewa nyonga tena kila mara? Na sindano za siku 7, tunakaa Mbagala kwa ndugu, je, tunaweza kuchukua dawa iliyochanganywa tukachomewa zahanati ya jirani?

MamaFamasi

Kutobolewa hakutakuwa kila mara, ila kwa mara ya mwanzo hakuepukiki. Kwa kawaida uboho hupimwa mwishoni mwa mzunguko wa kwanza, siku ya 21 hadi 28. Damu ya mkononi peke yake inadanganya hapo: chembe zinaweza kuwa chini kwa sababu ugonjwa umejaa, au kwa sababu ugonjwa umefagiwa na uboho bado haujaota upya. Haya mawili yanatibiwa kinyume. Ikiwa seli changa ziko chini ya asilimia 5 na chembe hazijapanda, daktari anaweza kusimamisha venetoklaksi hadi siku 14 kuzipa nafasi. Kwa hiyo vidonge vikisimamishwa msidhani mama ameachwa. Mwombeni daktari ganzi ya kutosha na mtoboaji mzoefu, na mtu wa kumshika mkono. Hiyo ni haki yake.

Kubeba dawa, hapana. Azasitidini ikishachanganywa kwa sindano ya chini ya ngozi, kwenye joto la chumba inatakiwa itumike ndani ya saa moja; kwenye jokofu hukaa muda wa saa nane, au saa 22 ikiwa maji ya kuchanganyia yalitoka kwenye jokofu. Kwa foleni ya Mbagala itakuwa imeharibika kabla hamjafika. Dawa yenyewe ni ya mawingu, nyeupe, inazungushwa sawasawa kabla ya kuchomwa, na mahali pa sindano panabadilishwa: leo tumbo, kesho paja, keshokutwa mkono. Patavimba na kuwa pekundu, hilo ni la kawaida. Wikendi ikiingia katikati, kuna vituo vinavyochoma siku 5, vinapumzika mbili, kisha vinamalizia 2. Ulizia Jumatatu kituo chenu kinafuata utaratibu gani, na umwombe nesi akuandikie saa ya kufika kila siku, kwa sababu chumba cha kuchanganyia hakitaanza kuifungua chupa ya mama mpaka waambiwe ameshakaa kitini.

Na uje na orodha ya dawa zake zote, za moyo zikiwemo. Dijoksini na baadhi ya dawa za mapigo ya moyo zina habari yake na venetoklaksi, daktari aione orodha kabla ya kidonge cha kwanza.